Kanisa Likiachwa Tupu: Kwa Nini Kazi ya Vyama vya Wahumanisti Haijakwisha

Katika nchi za Ulaya ambako makanisa yamepoteza waumini kwa kasi, limeenea wazo kwamba vyama vya wahumanisti vimekwisha kutimiza wajibu wao na sasa vinaishi kwa mazoea tu. Wazo hilo husemwa na waumini wanaoviona vyama hivyo kuwa adui aliyechoka, na husemwa vilevile na wasio na dini ambao hawaoni sababu ya kujiandikisha popote baada ya kuondoka kanisani. Pande hizo mbili, ambazo hazipatani katika jambo jingine lolote, zinakubaliana kwamba vyama hivyo vilizaliwa ili kupambana na kanisa, na kwamba kanisa likishadhoofika, mpinzani wake naye amekosa kazi. Makala haya yanapinga wazo hilo. Yanadai kwamba limeitazama historia ya vyama hivyo kwa jicho moja, na kwamba jamii inapozidi kuiacha dini ndipo kazi iliyo kubwa zaidi ya vyama hivyo inapoanza.

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa kabla ya hoja kuendelea. Uhumanisti ni mtazamo wa maisha unaoshikilia kwamba binadamu anaweza kutambua jema na baya, kuyapa maisha yake maana na kuwajibika kwa wenzake kwa kutumia akili, uzoefu na huruma, bila kutegemea ufunuo kutoka kwa Mungu. Kwa hiyo chama cha wahumanisti kisichanganywe na mashirika ya misaada ya kibinadamu, yanayogawa chakula na mahema kwa wakimbizi na yanayoweza kuwa ya dini yoyote au yasiwe na dini. Usekulari, kwa upande wake, ni mchakato ambao dini hupoteza nafasi yake ya kuongoza sheria, shule, hospitali na mwenendo wa watu. Mchakato huo una sura mbili zisizokwenda kwa mwendo mmoja: watu huweza kuacha kusali huku sheria za nchi zikibaki za kanisa, na sheria huweza kubadilika huku watu wakiendelea kusali.

Ni haki kukiri kwamba hoja ya wapinzani ina uzito. Nchini Uholanzi, sensa ya 1947 ilionyesha kwamba takriban asilimia 17 tu ya wananchi hawakuwa na dhehebu. Takwimu za ofisi ya takwimu ya nchi hiyo zilionyesha kwamba kufikia 2017 wasio na dini walikuwa wamepita nusu ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Mtu akizitazama takwimu hizo atauliza, tena kwa haki, ni ukuta gani uliobaki wa kubomolewa. Atauliza pia kwa nini mamilioni ya watu hao hawajamiminika katika vyama vya wahumanisti, ambavyo wanachama wao ni sehemu ndogo mno ya umma huo. Maswali haya yanastahili jibu, na jibu lenyewe linaanzia katika sababu iliyowafanya Waholanzi waunde chama chao cha wahumanisti.

Uholanzi ya nusu ya kwanza ya karne ya 20 ilikuwa jamii ya nguzo, kama wenyewe walivyoiita. Wakatoliki, Waprotestanti na wajamaa walikuwa na shule zao, magazeti yao, redio zao, vyama vyao vya wafanyakazi na hata vilabu vyao vya michezo, kiasi kwamba mtu aliweza kuzaliwa, kusoma, kuajiriwa na kuzikwa ndani ya nguzo moja bila kuhitaji kuvuka kwenda nyingine. Makubaliano ya kisiasa ya 1917 yalizipa shule za madhehebu fedha za serikali sawa na shule za umma, na hivyo yakaziimarisha nguzo hizo. Mamlaka ya viongozi wa dini juu ya wafuasi wao yalionekana waziwazi hata mwaka 1954, pale maaskofu Wakatoliki walipotoa waraka uliowanyima sakramenti, na hata maziko ya kikanisa, Wakatoliki waliojiunga na chama cha wafanyakazi cha wajamaa au waliozoea kusikiliza redio yao. Mtu asiye na dini katika jamii kama hiyo alikuwa kama mpangaji asiye na hati: aliishi humo, lakini palipogawanywa haki na heshima jina lake halikuwamo.

Katika hali hiyo Jaap van Praag na wenzake waliunda Humanistisch Verbond, yaani Muungano wa Wahumanisti, mwaka 1946. Van Praag alikuwa Mholanzi wa asili ya Kiyahudi aliyenusurika utawala wa Wanazi kwa kujificha, na vita vilimwachia swali lililomsumbua kuliko swali la kanisa: iliwezekanaje watu walioelimika, wengi wao wakiwa wameachana na imani ya wazee wao, kushindwa kuipinga itikadi iliyowafundisha kuwaona wenzao kuwa takataka? Kwa maoni yake, hatari ilikuwa ule utupu wa ndani wa mtu asiye na jambo analoliamini, utupu ambao mwenye sauti kubwa huweza kuujaza kwa lolote atakalo. Kwa hiyo aliigawa kazi ya chama katika mapambano mawili. Mapambano madogo yalikuwa ya kudai usawa wa kisheria na wa kijamii kwa wasio na dini. Mapambano makubwa yalikuwa ya kuwasaidia watu hao kujenga msingi wa kimaadili wa kusimamia, ili kuachana kwao na dini kusiwe kuachana na kila kitu.

Hapo ndipo kosa la wazo lililoenea linapojitokeza. Wanaosema kwamba kazi imekwisha wanayapima mapambano madogo na kuyaita kazi yote, ilhali mwasisi mwenyewe aliyaita madogo. Tena alifanya hivyo wakati ambapo wasio na dini walikuwa wachache na wanyonge, wakati ambapo ingekuwa rahisi kwake kumwona padri na mchungaji kuwa ndio tatizo lote. Kupungua kwa waumini hakukuyamaliza mapambano makubwa, kumeyaongezea watu. Wasio na dhehebu mwaka 1947 walikuwa chini ya mmoja kati ya watano, na leo ni zaidi ya nusu.

Hata mapambano madogo hayamaliziki kwa urahisi unaodhaniwa. Mfano ulio wazi ni Norway, nchi ambayo kwa miaka mingi imetajwa miongoni mwa zile zisizojali sana mambo ya ibada. Katiba ya nchi hiyo iliutambua Ulutheri kuwa dini ya dola hadi 2012, na ibara yake ya 2 iliwataka wanaoikiri dini hiyo wawalee watoto wao katika imani hiyohiyo. Mwaka 1997 serikali ilianzisha somo moja la lazima la Ukristo, dini na mitazamo ya maisha, na watoto wa wahumanisti, ambao awali walikuwa na somo lao mbadala, wakaruhusiwa kusamehewa baadhi tu ya vipengele. Mzazi aliyetaka mtoto wake asishiriki sala au zaburi darasani alilazimika kuufuatilia mtaala kwa makini na kueleza ni kipengele gani kinagongana na imani yake, na kwa njia hiyo akalazimika kuyaanika mbele ya mwalimu mambo ya ndani ya nyumba yake.

Wazazi waliokuwa wanachama wa Human-Etisk Forbund, chama cha wahumanisti wa Norway kilichoundwa mwaka 1956, walishindwa katika mahakama za nchi yao, kisha wakalipeleka shauri nje ya mipaka. Mwaka 2004 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliwapa haki, na tarehe 29 Juni 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitoa hukumu iliyowaunga mkono kwa kura 9 dhidi ya 8. Kura moja! Anayeamini kwamba usekulari hujiendesha wenyewe, kama maji yanavyoteremka mlimani, na aifikirie kura hiyo. Makanisa ya Norway yaliweza kuwa matupu kila Jumapili huku darasa la mtoto wa miaka minane likibaki na sala, na hakuna aliyekuwa na subira, fedha na ujuzi wa kuliandama jambo hilo kwa miaka kumi isipokuwa wazazi waliokuwa na chama nyuma yao. Mtu mmoja mmoja, hata akiwa na hoja ya haki, huchoka. Chama hurithishana faili.

Ukweli mwingine unaosahauliwa ni kwamba ushindi wa namna hii hauwi wa wahumanisti peke yao. Vyama vya Waislamu wa Norway navyo vililipinga somo hilo, kwa sababu mtoto wa Kiislamu naye alikuwa akifundishwa humo kana kwamba Ulutheri ndio nyumba na imani yake ni ukumbi wa wageni. Sheria ya Norway inatoa ruzuku kwa jumuiya za imani na za mitazamo ya maisha kwa kuhesabu wanachama wao, na kanuni hiyo inaunufaisha msikiti na kanisa la wahamiaji kama inavyokinufaisha chama cha wahumanisti. Msomali au Mkongomani anayeishi Oslo na kumwomba Mungu wake kila siku ana haki ambazo zilipata nguvu pia kutokana na madai ya watu wasiomwomba Mungu yeyote. Muumini anayefurahia habari za kudhoofika kwa vyama hivyo anafurahia kudhoofika kwa mlinzi wa mlango ambao yeye mwenyewe anapitia.

Wapo wanaokubali hayo yote lakini wakasema kwamba dola la kisasa linatosha: mahakama italinda haki, shule itafundisha maadili, hospitali itauguza, na ofisi ya msajili itafungisha ndoa. Hoja hii inasahau kwamba dola lisilo na upande lina wajibu wa kunyamaza mbele ya swali la maana ya maisha. Msajili huandika tarehe ya kifo. Hana mamlaka ya kuwaambia wafiwa maisha ya marehemu yalikuwa na thamani gani, wala hatakiwi kuwa nayo. Dola likijitwalia mamlaka hayo, matokeo yake yanajulikana. Nchini Ujerumani kulikuwa na sherehe ya vijana iitwayo Jugendweihe, yaani kuwekwa wakfu kwa vijana, ambayo mizizi yake ni jumuiya huru za karne ya 19 zilizotaka kuwapa watoto wao kitu mahali pa kipaimara. Kuanzia miaka ya 1950 serikali ya Ujerumani Mashariki iliichukua sherehe hiyo na kuigeuza chombo chake: kijana wa miaka 14 alisimama mbele ya watu na kula kiapo cha utii kwa dola la kijamaa, na aliyekataa aliweza kupata vikwazo katika masomo yake. Sherehe iliyozaliwa katika uhuru ikawa lijamu. Nafasi iliyoachwa na dini haikai wazi kwa muda mrefu, na wanaoikimbilia kwanza, iwe ni dola au soko, hawana wajibu wa kuitumia kwa faida ya mtu aliyefiwa au anayekua. Uhai wa vyama huru, vinavyoendeshwa na raia kwa hiari yao, ndio unaoizuia nafasi hiyo isitwaliwe na mwenye nguvu.

Shutuma inayorudiwa zaidi ni kwamba wahumanisti wanaliiga kanisa: wana sherehe za kupokea watoto, za kuvuka utoto, za ndoa na za maziko, kwa hiyo, inasemwa, ni dini iliyovuliwa kanzu. Shutuma hii inachukulia kwamba ibada za mpito ni mali ya kanisa, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba si kweli. Jando na unyago vilikuwapo katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kabla ya kasisi wa kwanza kushuka pwani, na jamii hizo ziliona haja ya kumwonyesha kijana kwa vitendo kwamba utoto umekwisha na kwamba watu wazima wako tayari kumpokea. Kanisa lilikuta haja hiyo na kuihudumia kwa namna yake, halikuiumba.

Sherehe ya kiraia ya vijana nchini Norway ilianza mwaka 1951, kabla hata ya chama chenyewe kuundwa, na kundi la kwanza lilikuwa la vijana wachache waliokusanyika mjini Oslo. Siku hizi takriban kijana mmoja kati ya watano nchini humo huichagua. Kijana wa miaka 14 au 15 huhudhuria kwanza kozi ambamo hujadiliana na wenzake kuhusu maadili, haki za binadamu, utambulisho wa mtu na namna ya kuipima habari kabla ya kuiamini. Kisha hufika siku ambayo jina lake husomwa mbele ya wazazi na ndugu waliojaa ukumbini, wengine wakiwa wamevaa mavazi ya asili ya wilaya zao, naye hupanda jukwaani kupokea cheti. Hakuna kiapo anachokula wala orodha ya mambo anayotakiwa kuyakiri, na halazimiki kuwa mwanachama wala kuwa mtoto wa mwanachama. Ulinganisho na Jugendweihe ya Ujerumani Mashariki unatosha kuonyesha kwamba ukumbi, maua na muziki haviwezi kueleza sherehe ni ya namna gani. Kinachoamua ni kama kijana anashuka jukwaani akiwa amefungwa au akiwa huru.

Kazi ya vyama hivi iliyo mbali kabisa na macho ya watu, na ambayo kwa hiyo husahauliwa na wanaoviita vimezeeka, ni ile ya kumsindikiza mtu katika saa ngumu. Uholanzi ina washauri wa kihumanisti jeshini tangu miaka ya 1960, na katika magereza na hospitali wanafanya kazi bega kwa bega na makasisi, wachungaji, maimamu na marabi. Tangu 1989 upo mjini Utrecht chuo kikuu cha masomo ya uhumanisti, ambacho huwaandaa watu kwa kazi hiyo. Mshauri wa namna hiyo anapoingia katika chumba cha mfungwa haji na kitabu kitakatifu wala mafuta ya upako. Huvuta kiti, akaketi, akangoja. Mfungwa huweza kunyamaza kwa muda mrefu, au akalalamikia chakula, kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe: kwamba alichokifanya hakiwezi kutenguliwa, na kwamba hajui ataishije nacho. Muumini aliye katika hali hiyo huweza kuungama na kupewa maneno ya msamaha yenye umri wa karne nyingi. Asiyeamini hana maneno hayo, na kumpa kwa nguvu maneno asiyoyaamini ni kumdanganya wakati ambapo ukweli ndio kitu pekee alichobaki nacho. Mshauri hawezi kumsamehe kwa niaba ya Mungu wala kwa niaba ya aliyedhulumiwa. Anachoweza ni kukaa naye mpaka mtu huyo apate maneno yake mwenyewe ya kulitaja kosa, kulibeba na kuamua atakuwa mtu wa namna gani kesho. Kazi hiyo haifanywi na daktari wa magonjwa ya akili, kwa sababu majuto si ugonjwa, wala haifanywi na wakili, kwa sababu hukumu imekwisha kutolewa.

Kwa kazi kama hiyo, hoja ya uchache wa wanachama inapoteza makali yake. Ni kweli kwamba wasio na dini wengi hawajajiandikisha, na wengi wao hawatajiandikisha kamwe, kwa sababu mtu aliyetoka katika jumuiya iliyomdai utii huogopa kuingia katika nyingine. Lakini chama cha aina hii hakipimwi kwa idadi ya kadi kilizouza, kama vile kikosi cha zimamoto hakipimwi kwa idadi ya nyumba zilizojiandikisha kwake. Mgonjwa anayekaribia kufa haulizwi kama amelipa ada, na kijana hakataliwi kwa sababu baba yake si mwanachama. Hata dola limetambua hivyo: mwaka 2019 serikali ya Uholanzi ilianza kugharimia ushauri wa kiroho kwa wagonjwa mahututi na kwa watu waliovuka miaka 50 wanaoishi majumbani mwao, kwa kuwa imebainika kwamba maswali ya maana ya maisha hayamngojei mtu mpaka alazwe hospitali. Huduma hiyo isingewezekana kwa wasio na dini kama wachache waliojiandikisha wasingekuwa wamejenga, kwa miongo kadhaa, taaluma na maadili ya kazi yenyewe.

Uhusiano wa jambo hili na Afrika Mashariki upo, ingawa usikuzwe kupita kiasi. Mwaka 1968 Humanistisch Verbond na vyama vingine vya wahumanisti wa Uholanzi viliunda Hivos, shirika la maendeleo ambalo jina lake si geni Nairobi wala Dar es Salaam, na ambalo lilifanya kazi na watu wa dini zote bila kuwataka wabadilishe imani. Nchini Uganda zipo shule zilizoanzishwa na wahumanisti wazalendo, ikiwamo ile ya Kasese. Hali ya nchi hizi ni tofauti na ya Ulaya, kwa maana hapa dini ingali nguvu kuu ya maisha ya watu, na kwa wahumanisti wa hapa mapambano madogo, ya kutambuliwa tu kuwa raia wema, bado ni makubwa sana. Hata hivyo mafunzo ya Uholanzi na Norway yanawahusu: wasije wakadhani kwamba lengo lao ni kumshinda muumini, kwa maana siku watakaposhinda kwa namna hiyo watajikuta hawana cha kumpa mtu waliyemtoa katika nyumba yake.

Vyama vya wahumanisti navyo haviwezi kuepushwa na lawama. Pale vilipotumia nguvu zao zote kuwakejeli waumini, vililithibitisha wazo lilelile linalopingwa hapa, kwamba havina uhai nje ya ugomvi. Pale vinapotegemea mno ruzuku ya serikali, vinajiweka katika hatari ya kuyapoteza mamlaka ya kuikosoa. Na pale sherehe na mijadala yao inapobaki ya watu wa mijini waliosoma, vinamwacha nje mfanyakazi wa kiwandani na mzee wa kijijini ambao nao wameacha kusali na ambao nao watafiwa. Makosa hayo ni ya kweli na yanapaswa kurekebishwa, lakini yote yanaonyesha kazi iliyofanywa nusu, na kazi iliyofanywa nusu haitibiwi kwa kufunga ofisi.

Swali linalopaswa kuulizwa katika jamii inayojitenga na dini, kwa hiyo, halihusu kama wahumanisti wamelishinda kanisa. Linamhusu mtu asiye na imani aliyelala katika chumba cha wagonjwa mahututi, ambaye padri hamjui na serikali haina la kumwambia: nani atavuta kiti akaketi karibu naye, na huyo atakayeketi amefundishwa wapi, na nani, na kwa gharama ya nani? Mpaka swali hilo lipate jibu katika kila hospitali na kila gereza, mapambano ambayo Van Praag aliyaita makubwa yataendelea kuwahitaji watu walio tayari kuyabeba kwa pamoja.